Ukimya wa Abiria

Abiria ni mtu wa ajabu. Nyumbani kwake huuliza bei ya kila kitu, hupima kila neno la jirani, hukagua kufuli mara mbili kabla ya kulala. Lakini akishapanda gari, akakaa kitini na kuweka mfuko wake mapajani, roho yake huikabidhi kwa mtu ambaye pengine hajui hata jina lake. Hamwulizi jana alilala saa ngapi. Hamwulizi breki zilitazamwa lini. Na gari likienda vibaya, yeye hushika kiti cha mbele yake, hukaza meno, akanyamaza.

Ukimya huo ndio ninaotaka tuutafakari katika kurasa hizi chache. Je, ni adabu? Ni imani? Ni woga? Au ni namna ya kumtupa mwenzako huku umekaa naye bega kwa bega? Swali hili si la barabarani tu, lakini barabarani ndipo mahali pazuri pa kulianzia, maana huko jibu lake haliwezi kungoja mpaka kesho. Na miongoni mwa barabara zote, za milimani ndizo zinazotuuliza kwa ukali zaidi.

Wasafiri wa kaskazini mwa Tanzania wanaijua njia ya Mombo kwenda Lushoto. Mombo iko chini, katika tambarare ya joto na mkonge, kiasi cha meta 400 kutoka usawa wa bahari. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko juu katika milima ya Usambara, kiasi cha meta 1,400, penye baridi, mapeasi na kabichi. Kati ya miji hiyo miwili pana kilometa 33 hivi za lami, na katika kilometa hizo gari hupanda, au hushuka, meta 1,000. Barabara ni nyembamba. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo, na huko chini ni mto. Ni njia nzuri kupita nyingi nilizozipita, na uzuri huo wenyewe ni sehemu ya hatari, kwa kuwa macho hupenda kutazama mbali wakati barabara inataka yatazame karibu.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya mlima ni kupanda, kwa sababu gari likipanda huguna, hutoa moshi, na abiria huona jinsi linavyotaabika. Kumbe taabu ya kupanda ni ya injini, na injini ikishindwa gari husimama. Taabu ya kushuka ni ya breki, na breki zikishindwa gari halisimami. Fikiri, msomaji, gari la tani 5 pamoja na watu wake linaloshuka meta 1,000. Uzito ule wote ukishuka kimo kile hutoa nguvu ambayo lazima iende mahali. Kama dereva ameshusha gia, injini yenyewe hulishika gari na kuibeba sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Kama hakushusha gia, karibu yote hugeuka kuwa joto katika breki, na joto hilo ni sawa na la kuchoma lita moja na nusu ya petroli. Breki zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena. Mafuta ya breki nayo, hasa yakiwa ya zamani na yamenyonya unyevu, huchemka na kufanya mvuke, na pedali iliyokuwa ngumu huanza kuzama chini ya mguu. Ndiyo sababu madereva wa zamani waliwafundisha vijana wao kanuni moja fupi: mlima ushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia.

Nimeeleza hayo kwa kusudi. Mambo hayo hayatokei kwa siri. Dereva huyasikia mguuni, lakini abiria naye huyasikia: kwa pua, kwa masikio, kwa tumbo. Breki zinazoungua zina harufu ambayo hata mtoto hawezi kuichanganya na nyingine. Abiria anapokaa kimya mlimani, kwa kawaida si kwamba hajui. Anajua, na ananyamaza huku akijua. Hapo ndipo swali letu linapokuwa swali la maadili.

Niliyaona hayo kwa macho yangu mwezi wa nane mwaka 2019. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana, cha mtaa mmoja mjini Tanga, kiliamua kwamba safari hii tukutane pasipo msiba. Kwa miaka mingi tulikuwa tukionana matangani na makaburini, na mwenyekiti akasema si vema watu wazoeane kwa machozi peke yake. Tukachanga, tukakodi basi dogo, tukaenda Lushoto kwa siku tatu: wazee, akina mama, vijana na watoto. Tulitembea hadi Irente, mahali ambapo mtu husimama ukingoni mwa mlima akaiona nchi ya Mazinde chini yake kama mkeka uliotandikwa. Tulikula vizuri, tukacheka, tukagundua kwamba mzee fulani ambaye siku zote tulimwona akiwa na koleo mkononi anajua kuimba.

Siku ya kurudi tulichelewa kuondoka. Dereva alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, lakini alikuwa na kazi nyingine usiku ule ule, na tajiri wake alikuwa amekwisha mpigia simu mara mbili. Mpaka Soni, penye maporomoko ya maji, mambo yalikwenda vizuri. Baada ya Soni gari likashika kasi. Katika kila kona watu walilala upande huu, kisha upande ule. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa pamoja na watoto wawili waliokuwa wakitapika kwa zamu, nimewashikia ndoo ndogo ambayo asubuhi ilikuwa ya mapeasi. Kutoka pale nyuma niliona visogo tu, visogo vya watu wazima ishirini na kitu, vimenyooka, havigeuki. Mazungumzo yalikuwa yamekatika bila mtu kuyakata. Kisha ikaja ile harufu.

Aliyesema alikuwa mama mmoja mkaanga samaki, mtu ambaye katika mikutano yetu husema mara chache kuliko wote. Alisema bila kupaza sauti:

"Mwanangu, naomba upunguze mwendo. Ukishindwa, nishushe hapa nitakwenda kwa miguu."

Dereva akacheka kidogo. "Usiogope mama, barabara hii naijua kama kwetu."

"Barabara unaijua, baba. Na breki je?"

Pakawa kimya tena, kimya kizito kuliko cha kwanza. Halafu mzee mmoja, ambaye wote tulidhani amelala na kofia yake usoni, akasema: "Mama anasema kweli. Shusha gia, kijana. Weka ya pili." Mzee huyo aliwahi kuendesha malori miaka mingi. Hapo ndipo sauti zikaja kutoka kila kiti, na wengine wakaanza kusema mambo ambayo walikuwa wameyaona tangu kona sita nyuma. Kijana akashusha gia, injini ikalia, gari likatulia. Tukafika Mombo taratibu. Dereva akachuchumaa kando ya gurudumu, akasogeza mkono karibu na ringi, akaurudisha upesi. Tukakaa zaidi ya saa moja tukinywa chai, tukingoja chuma kipoe.

Katika saa ile kikundi chetu kiligawanyika. Katibu alikasirika, na si kwa dereva. Alisema mama amemvunjia kijana heshima mbele ya watoto, kwamba mtu akiwa kazini hasumbuliwi, tena akatuonyesha maandishi yaliyokuwa juu ya kioo cha mbele yakikataza kuzungumza na dereva gari likiwa katika mwendo. Wengine walimwunga mkono. Wengine walisema ajali ni ajali, kama siku imefika imefika. Mama mwenyewe hakujitetea. Alikuwa akiwapangusa watoto nyuso. Mwishowe mtu mmoja akapata wazo la kumwuliza dereva, ambaye muda wote huo alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake. Akajibu kwa aibu:

"Wazee wangu, mlinyamaza, nikajua mna haraka. Pedali ilianza kulegea tangu kule juu. Niliona haya kusimama, mngesema nimewaletea gari bovu."

Tangu siku ile maneno hayo hayajanitoka. Kumbe ndani ya gari lile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyependa mwendo ule. Abiria waliogopa, na dereva aliogopa. Kila upande uliusoma ukimya wa upande mwingine kama amri. Sisi tuliona kijana anajiamini, naye aliona wazee wameridhika. Watu karibu thelathini walikuwa wakielekea mahali ambapo hakuna aliyetaka kwenda, kwa sababu tu kila mmoja alidhani wenzake wanataka.

Hata hivyo, si haki kuwapuuza waliomlaumu yule mama. Hoja zao ni za watu wengi, nazo zastahili kujibiwa moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya utaalamu. Dereva ndiye ajuaye kazi yake. Abiria asiyejua hata gia ya kwanza iko wapi atamfundisha nini? Hoja hii ni ya zamani sana. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake cha Jamhuri alitoa mfano wa merikebu ambayo mabaharia wake wanagombania usukani, kila mmoja akitaka kuwa nahodha ilhali hakuna aliyejifunza unahodha. Alitaka kuonyesha kwamba makelele si elimu, na kwamba chombo hakiongozwi kwa wingi wa sauti. Hapo alisema kweli. Gari ambalo kila abiria ananyosha mkono kuushika usukani halitafika kona ya pili.

Lakini mwanafunzi wake, Aristotle, aliliona jambo upande wa pili. Katika kitabu chake juu ya siasa alieleza kwamba ziko kazi ambazo mtendaji wake si mwamuzi pekee wala si mwamuzi bora. Nyumba, huijua vizuri zaidi anayekaa ndani yake kuliko aliyeijenga. Usukani wa merikebu, nahodha huujua vizuri kuliko seremala aliyeuchonga. Na karamu huhukumiwa na mgeni, si na mpishi. Basi abiria hajui kuendesha, naam, lakini kuendeshwa anakujua. Anajua kwamba mwili wake unatupwa, kwamba mtoto wake anatapika, kwamba pana kitu kinanuka. Hizo ni habari, na mtaalamu wa kweli huzihitaji habari. Tazama tena mama yule alisema nini. Hakumwambia kijana kanyaga hapa, kata kule. Alimwambia hali yake, akaomba mambo mawili: mwendo upungue au yeye ashuke. Mkono wake haukuugusa usukani. Aliyetaja gia ni yule aliyewahi kuzitumia.

Hoja ya pili ni ya heshima, na hiyo kwetu sisi watu wa Pwani ni nzito kuliko ya utaalamu. Tumelelewa kwamba kumsahihisha mtu mbele ya watu ni kumvua nguo. Sitaki kuidharau tabia hiyo, kwani bila ya staha maisha ya mtaani yasingewezekana. Lakini tujiulize, heshima ni ya nani na kwa faida ya nani? Nikimwona mwenzangu ana doa mgongoni nikanyamaza mbele ya watu ili nimwambie faraghani, nimemsitiri. Nikimwona anarudi kinyumenyume kuelekea kisimani nikanyamaza ili nisimwaibishe, nimemsitiri nini? Heshima inayomwacha mtu afe imekwisha kuacha kuwa heshima. Imekuwa urahisi wangu mimi, nimeuvika kanzu ya adabu.

Tena lugha yetu yenyewe imetupa njia. Mama alianza na neno "mwanangu". Neno hilo si la kupamba tu. Anayemwita kijana wa watu mwanangu amejifunga kumtendea kama mama, na mama humkanya mwanawe bila kumdharau. Alipojibiwa, akamwita "baba", akampandisha. Katika maneno machache alimkanya, akampa cheo, akamwachia uamuzi. Nani basi alimheshimu dereva zaidi: yeye, au sisi wengine tuliokuwa na visogo vilivyonyooka?

Hoja ya tatu ni ya majaaliwa. Ajali haina kinga, husema watu, na siku ya mtu ikifika imefika. Sina haja ya kubishana juu ya mambo ya Mungu. Nasema tu kwamba hakuna anayeishi kwa kanuni hiyo mpaka mwisho. Mtu yule yule anayeitamka hutazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara, na humvuta mtoto mkono. Majaaliwa huyakumbuka pale tu ambapo kinga ingemtaka afungue kinywa. Tarehe 6 Mei 2017, katika mteremko wa Rhotia wilayani Karatu, basi dogo la shule liliporomoka korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva. Simnyoshei kidole yeyote kwa msiba ule, wala sisemi kwamba neno la mtu lingeuzuia. Nautaja kwa sababu unatukumbusha ni nani wanaopanda magari yetu. Mtoto hachagui gari, hakodi, wala hakufundishwa kumwambia mtu mzima apunguze mwendo. Kinga yake ya pekee ni mdomo wa mtu mzima aliye karibu naye. Mdomo huo ukifungwa kwa jina la majaaliwa, majaaliwa ya mtoto yameamuliwa na mtu.

Zikishajibiwa hoja hizi tatu, bado latubaki jambo lenyewe, nalo ni gumu: kwa nini basi hatusemi? Nadhani ni kwa sababu tumeuelewa vibaya ujasiri. Ndani ya gari tunadhani jasiri ni yule asiyeogopa, na kwa hiyo kila mmoja anauficha woga wake ili asionekane mdogo. Aristotle huyo huyo alifundisha kwamba ujasiri uko katikati, baina ya woga na ujuba, na kwamba jasiri huogopa yale yanayostahili kuogopwa. Asiyeogopa korongo si jasiri, ana kasoro. Kazi ya jasiri ni kuubeba woga wake mpaka mahali ambapo utafaa kitu. Mama yule alisema waziwazi kwamba anaogopa. Katika gari zima yeye peke yake ndiye aliyekuwa tayari kuonekana mwoga, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa jasiri.

Lakini naomba tumtazame pia yule mzee wa kofia, maana mara nyingi husahauliwa. Sauti ya kwanza haikulisimamisha gari. Dereva aliicheka, na abiria waliingojea ifie pale pale. Kama isingetokea ya pili, mama angebaki mwanamke mmoja mwenye wasiwasi, na ukimya ungerudi ukiwa na nguvu zaidi. Sauti ya pili ndiyo iliyougeuza woga wa mtu mmoja kuwa neno la watu. Si kila mtu amejaliwa kuwa wa kwanza, na sidhani kuwa tunaweza kumdai kila mtu jambo hilo. Lakini kuwa wa pili kunawezekana kwa wengi. Hakutaki ufasaha. Kunataka maneno matatu tu: mama anasema kweli.

Kwamba haya si ndoto, upo ushahidi kutoka kwa jirani zetu. Nchini Kenya watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walichagua kwa kura baadhi ya matatu za safari ndefu katika kundi la magari zaidi ya 1,000, wakabandika ndani yake stika za kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha kwa hatari. Hawakuongeza polisi wala hawakubadili sheria. Ili stika zisibanduliwe, waliwawekea madereva bahati nasibu. Kisha wakalinganisha madai ya bima ya magari yenye stika na yasiyo nazo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba madai yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili, kutoka kiwango cha kama asilimia 10 kwa mwaka. Karatasi iliyobandikwa ukutani! Iliwezaje? Naamini ni kwa sababu ilikuwa sauti ya kwanza. Ilimwondolea abiria mzigo wa kuanza, ikamwachia kazi nyepesi ya kuitikia. Linganisha na maandishi ya katibu wetu, yale ya kukataza kuzungumza na dereva. Yote mawili ni karatasi, lakini moja humfunga abiria mdomo na nyingine humpa ruhusa.

Hata hivyo, tukiishia kwa dereva na abiria tutakuwa hatujasema kweli yote. Kijana yule hakuzaliwa na haraka. Haraka alipewa. Alipewa na tajiri aliyemwekea kazi mbili katika siku moja, na tajiri naye alifanya hivyo kwa sababu bei tuliyoafikiana naye ilikuwa ndogo, na sisi tulijisifu kwa udogo wake. Mwendo wa gari huanza kwenye mapatano ya bei, siku nyingi kabla ya mlima. Mwenye kukodi gari kwa bei isiyoweza kulipia matengenezo wala usingizi wa dereva, kisha akaja kumlaumu dereva konani, amechelewa kusema. Neno lake la kwanza lilitakiwa sokoni, wakati wa kukubaliana. Na hapo pia ndipo dereva anapostahili kutetewa: apewe muda, apewe chakula, aambiwe mapema kwamba hakuna atakayemcheka akisimama.

Kwa upande wake dereva ana wajibu ambao hauwezi kuhamishwa. Asikasirikie sauti. Mtu aliye nyuma yake ambaye bado anasema ni mtu ambaye bado anamtumaini, maana tunayemkatia tamaa hatumwambii kitu. Na tofauti ya dereva mzuri na mbaya haiko katika kutokosea kona. Iko katika muda unaopita baina ya kuambiwa na kushusha gia.

Nilisema mwanzoni kwamba swali hili si la barabarani tu. Ukoo una dereva wake, ofisi ina wake, msikiti na kanisa vina vyao, na nchi pia. Kila mahali utawaona watu wazima wamekaa wima, wanasikia harufu, wanashika kiti cha mbele. Kila mahali utaambiwa kwamba mwenye usukani ndiye ajuaye, kwamba si adabu, kwamba yaliyoandikwa yameandikwa. Na mara nyingi kuliko tunavyodhani, yule aliyeshika usukani naye anaogopa, anangoja mtu amwambie kile ambacho mguu wake umekwisha kumwambia.

Kikundi chetu kilikuwa na katiba ya kurasa nane. Ndani yake iliandikwa kila mwanachama atoe kiasi gani mtu akifa, nani anunue sanda, nani apike, nani asimamie kaburi. Hapakuwa na mstari hata mmoja juu ya nani aseme kabla mtu hajafa. Katika mkutano uliofuata katibu mwenyewe, aliyekuwa amekasirika, alisimama akapendekeza tuuongeze: kwamba katika kila safari ya kikundi atateuliwa mtu wa kuzungumza na dereva kwa niaba ya wote, na kwamba mwanachama yeyote akisema anaogopa, aliye karibu naye aitikie. Mstari huo ulipita bila kupingwa. Mama mkaanga samaki alipoambiwa yeye ndiye ateuliwe, alikataa. Alisema kazi hiyo isiwe ya mtu mmoja.

Nafikiri alikuwa na haki, na katika kukataa kwake limo jibu la swali letu. Kuzikana ni wema mkubwa, na watu wa kwetu wanajua kuutenda. Hatujawahi kumwacha mtu azikwe peke yake. Lakini wema huo humfikia mtu akiwa hasikii. Kabla yake upo wema mwingine, mdogo, usio na sanda wala ubani, ambao hugharimu aibu ya dakika moja. Nao haudai shujaa. Wadai tu kwamba mmoja aseme, na kwamba aliyeketi karibu naye asimwache peke yake.